Wanaolinda Nyuma Nao Wasifiwe

Huku kwetu Urambo vijana wanajua mpira wa miguu. Mpira wa magongo si mchezo wa vijijini kwetu. Lakini mchezo huo una jambo la kutufundisha sisi wenye nyumba na watoto, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kila upande una watu 11. Kila mmoja ana gongo lililopinda mwishoni, na mpira wenyewe ni mdogo, mgumu kama jiwe. Zamani timu kubwa zilikuwa zikifunga mabao mengi mno. Tazameni Olimpiki ya Melbourne ya mwaka 1956. India waliwafunga Afghanistan mabao 14, Marekani 16, na Singapore 6. Mabao 36 katika michezo 3! Mchezaji mmoja, Udham Singh, alifunga 15 peke yake katika mashindano yale.

Kisha mambo yakabadilika. Katika nusu fainali waliwashinda Wajerumani kwa bao 1 tu. Katika fainali waliwashinda Pakistan kwa bao 1 tu. Jumla walifunga 38, na wao hawakufungwa hata moja.

Je, yale mabao 16 yalisaidia nini siku ya fainali? Hayakusaidia kitu, maana bao la jana halihesabiwi leo. Kilichowaokoa ni mlango uliofungwa. Na hilo bao moja la fainali lilifungwa na beki, Randhir Singh Gentle! Golini alisimama Shankar Lakshman. Bwana huyo alilinda mlango katika fainali 3 za Olimpiki, mwaka 1956, 1960 na 1964, zote dhidi ya Pakistan, na katika zote alifungwa bao 1 tu. Bao hilo la mwaka 1960 ndilo lililowanyima dhahabu. Basi, mlinzi hufanya kazi miaka mingi, na mlango ukifunguka mara moja tu, hasara huonekana.

Tusiende mbali. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na beki hodari, Avtar Singh Sohal, mzaliwa wa Nairobi. Alicheza Olimpiki 4, kuanzia mwaka 1960 hadi 1972, tena akawa kapteni. Mwaka 1964 huko Tokyo, Kenya ilikuwa ya 6. Mwaka 1971 lilichezwa Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, mjini Barcelona. Kenya, nchi ambayo ilikuwa haijatimiza miaka 8 ya uhuru, ilifika nusu fainali. Wenyeji Wahispania waliwashinda kwa bao 1 kwa 0. India nao waliwashinda kwa 2 kwa 1, tena baada ya kuongezwa muda. Wakenya wakashika nafasi ya 4 duniani. Wakubwa walipita, lakini walipita kwa shida.

Na sisi Watanzania? Mwaka 1980 nchi nyingi zilisusia Olimpiki ya Moscow, timu yetu ikaenda. India walitufunga mabao 18 kwa 0, na ndio hao waliochukua dhahabu. Sisemi hivyo kwa kuwacheka ndugu zetu. Kurudi uwanjani kwa mchezo unaofuata, baada ya kipigo kama hicho, kunataka moyo. Nasema tu kwamba mlango ukiwa wazi, mchezo ni mrefu sana.

Sasa turudi nyumbani. Miezi ya masoko ya tumbaku, baba akipokea fedha, yeye ndiye mfungaji wa mabao. Watu wanamwona, wanamsalimu kwa heshima. Lakini mama anayelinda ghala, anayekataa debe la mahindi lisiuzwe, huyo huitwa mchoyo. Ngojeni Januari ifike, mahindi mapya yakiwa bado machanga shambani. Nimeona nyumba zilizouza tumbaku nyingi zikiomba unga, na nyumba za shamba dogo zikipika ugali kila siku. Tofauti haikuwa mavuno. Tofauti ilikuwa mlangoni. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu nayo ni ya nyuma. Hakuna anayenipigia makofi ninapoandika jina la mtoto na siku aliyozaliwa. Lakini miaka 15 ikipita, mzazi huja mbio akitaka tarehe hiyo kwa ajili ya shule ya mwanawe. Tukiikuta kitabuni, hufurahi na kwenda zake. Isingekuwemo, hapo ndipo kazi ya karani ingejulikana.

Basi, wasomaji wapenzi, vijana wakirudi kutoka uwanjani Jumapili jioni, msiwaulize tu nani amefunga. Waulizeni pia nani amezuia. Mtoto asiyesifiwa kwa kulinda atakataa kukaa nyuma, na timu nzima itajazana mbele huku goli likibaki tupu. Nanyi akina baba, kabla hamjapakia gunia jingine kwenye baiskeli kwenda kuliuza, mwulizeni mama kwanza: ghalani kumebaki magunia mangapi, na yatatufikisha mwezi gani?