Selimundu si Uchawi

Mimi ni karani wa parokia. Naandika ndoa, naandika na maziko. Mara nyingi watoto wa nyumba moja wakifuatana kufa, mama husengenywa kuwa ana mkosi. Yafaa tujue ukweli.

Katika selimundu, chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Chanzo ni hitilafu ndogo mno katika hemoglobini, protini ya damu: asidi amino moja imeshika mahali pa nyingine. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida huwa mzima. Akiirithi kwa baba na kwa mama, huugua. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina hatari ya 1 kati ya 4.

Mbona haikwisha? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa urithi wa upande mmoja humkinga mtu na malaria. Ndiyo maana imedumu kwetu.

Basi, wachumba, pimeni damu kabla ya kuja kuandikisha ndoa. Nanyi wazazi, mtoto mgonjwa mpelekeni hospitali upesi, wala asilaumiwe mama peke yake.