Mbio za matanga Ziwa Victoria na somo kwa mzazi wa Mugoma

Ukisimama kwenye vilima vya Mugoma, wilayani Ngara, huoni ziwa. Unaona migomba, mabonde na vilima vingine mbele yake. Hata hivyo maji ya wilaya hii yana safari ndefu. Mto Ruvuvu unaingia Kagera pale Rusumo, mpakani na Rwanda. Kutoka hapo Kagera unaelekea kaskazini, unapinda mashariki na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, upande wa Uganda.

Kwenye ziwa hilohilo wapo watu ambao mapumziko yao ya mwisho wa wiki ni kushindana kwa boti za matanga. Uganda ina klabu Entebbe na Kaazi, nje kidogo ya Kampala. Kwetu, Mwanza ina Mwanza Yacht Club pale Capri Point, na upande wa bahari Dar es Salaam ina klabu yake Msasani.

Mzazi wa Mugoma anaweza kuuliza: mimi na boti hizo wapi na wapi? Jibu liko kwenye mambo yanayofanyika kabla boti haijasukumwa majini.

Mbio zinavyokwenda

Boti nyingi za mashindano haya ni ndogo. Aina iitwayo Laser ina urefu wa mita nne na kidogo, na hubeba mtu mmoja. Ya watoto, Optimist, ina mita 2.3 tu na mwisho wake ni umri wa miaka 15. Kupinduka ni jambo la kawaida, hivyo mtoto anayejifunza hupinduliwa makusudi karibu na ufukwe, akafundishwa kutulia, kushikilia boti na kuisimamisha tena.

Dakika tano kabla ya kuanza, waamuzi hupandisha bendera. Boti huzungukazunguka zikivizia nafasi, kisha ishara ikitolewa zinavuka mstari pamoja. Tanga haliwezi kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Nahodha hulazimika kubisha, akienda kushoto kisha kulia, kama njia ya kupanda kilima cha Ngara inavyopinda. Akifika kwenye boya, anageuza na kurudi upepo ukimsukuma mgongoni. Pembeni hukaa boti ya injini ya uokoaji, tayari kumfuata aliyeshindwa.

Kanuni ya kwanza

Kitabu cha kanuni za mbio za matanga duniani hakianzi na ushindi. Kanuni ya kwanza inamtaka kila mshindani amsaidie kwa kila njia mtu aliye hatarini. Inafuata ya vifaa vya kuokolea maisha, ambavyo lazima viwatoshe wote waliomo.

Katika Olimpiki ya mwaka 1988, Lawrence Lemieux wa Canada alikuwa nafasi ya pili alipoona mabaharia wawili wa Singapore wako taabani majini. Aliacha mbio, akawaokoa. Alimaliza nyuma sana, lakini waamuzi walimrudishia nafasi ya pili aliyokuwa nayo.

Ziwa lilelile

Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Miezi miwili baadaye, Jumamosi ya Novemba 24, boti ya starehe ilizama upande wa Uganda ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Zaidi ya 30 walikufa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Ya kuchukua hadi mtoni

Boti ya mashindano ni ghali, lakini taratibu zake nyingi hazihitaji fedha. Kabla ya kuvuka mto au kwenda kutembea ziwani, hesabu watu waliomo kwenye mtumbwi. Ukiona umejaa, shuka na mwanao msubiri mwingine.

Jaketi okozi livaliwe kabla ya kuingia, lisikaliwe kama mto. La mtu mzima halimfai mtoto. Mfunge, kisha livute juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno.

Angalia mawingu. Ngurumo zikisikika, toka majini. Kwenye Ziwa Victoria dhoruba nyingi huja usiku na alfajiri.

Waswahili husema mfa maji haishi kutapatapa, ila mtoto mdogo mara nyingi huzama kimya, bila kupiga kelele. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kumtazama, na asiwe na simu mkononi.

Ukiona mtu anazama, mrushie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Usijitose kama hujui kuogelea. Akitolewa, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Ikiwa hapumui, anza kwa kumpulizia pumzi tano mdomoni, endelea na kukandamiza kifua, huku mwingine akitafuta msaada wa kumfikisha kituo cha afya. Hata akizinduka, apelekwe.

Jambo jingine ni kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi kwenye maji yenye konokono. Mtoto aliyecheza ufukweni kisha akakojoa damu au kupata choo chenye damu anahitaji kupimwa. Dawa ipo.

Jioni, kabla ya kufunga shughuli, waamuzi wa mbio huhesabu boti zilizorudi na kulinganisha na zilizotoka. Ikipungua moja, hakuna anayeondoka. Mzazi naye, akifika ng'ambo, ahesabu wanawe kabla ya kumlipa mwenye mtumbwi.