Doa la Kijani kwa TV ya Kogo

Wasee, hii sijawahi kuposti. Nikiwa darasa la sita huko Fort Ternan, nilitoa sumaku kwa spika iliyokufa nikaibandika kwa TV ya kisogo ya Kogo. Taarifa ya saa moja ilikuwa imeanza. Uso wa mtangazaji ukageuka kijani, ukavutika kando kama chapati inayosukumwa. Nilicheka mpaka nikatoa sumaku na doa likabaki. Hiyo TV Kogo aliinunua na bonasi ya majani chai. Hakunichapa. Alikaa tu akaangalia taarifa, doa na yote, mpaka mwisho.

Kampasi ndio nilijua nilifanya nini. Picha kwa TV ya kisogo inachorwa na elektroni zinazorushwa kwa kioo, na sumaku inazipinda njiani. Hata sumaku ya dunia, ambayo huku kwetu ni kama mikrotesla 33 tu, inazisumbua. Ndio maana ndani ya hizo TV kuna ngao ya chuma.

Wanafizikia wana shida hiyo hiyo. Mirija yao ya kunasa mwanga wa chembe inategemea elektroni chache sana zifike pahali pake, kwa hivyo wanaivisha aloi ya nikeli na chuma. Super-Kamiokande kule Japani ina mirija zaidi ya 11,000, na tangi lote limezungushiwa koili 26 za kupunguza sumaku ya dunia.

Lakini kitu ilinimaliza ni Uhuru. Si bustani ya Nairobi, setilaiti. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikatafute miale ya eksi angani. Juu ya ikweta, sumaku ya dunia inafukuza vizuri zaidi chembe ambazo zingeingia kwa vipimaji na kuhesabiwa kimakosa. Wenzao wanajificha kutoka kwa sumaku hiyo, hawa wakaja Kenya kujificha nyuma yake!

Hiyo niliisoma mwaka wa pili, wiki ile karo iliisha. Nikarudi nyumbani.

Kogo aliuliza hiyo miaka miwili nilisoma nini. Nikajaribu kumweleza, lakini kwa Kipsigis sikupata neno la elektroni. Nikamwambia ni kama ng'ombe wanaenda josho, halafu mtu anapiga mluzi kando. Akafikiria.

"Sasa unaweza kutoa lile doa?"

Niliazima koili kwa fundi, nikaizungusha polepole mbele ya kioo nikirudi nyuma. Doa lilitoka, isipokuwa kona ya chini. Kogo amesema hiyo niiache.