Tanzia: Sura ya 288

Sheria ya Ardhi ya Amana, Sura ya 288, ilifariki mwaka 2016, Bunge la Kenya lilipopitisha Sheria ya Ardhi ya Jamii. Hapa Garissa hakuna aliyeisomea hata dua.

Nasaba yake ni ndefu. Babu mkuu ni Thomas Littleton, jaji Mwingereza aliyefariki 1481, ambaye kitabu chake kuhusu umiliki wa ardhi ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya sheria kupigwa chapa London. Mwaka 1628 Edward Coke akakitolea ufafanuzi, mrefu kuliko kitabu chenyewe. Humo ardhi ni ngazi: kila mtu anashika kipande chake kutoka kwa aliye juu yake, na juu kabisa ni mfalme. Chini kabisa yuko mpangaji asiye na muda wala mkataba, anayekaa maadamu mwenye mali hajamchoka. Mwaka 1921, katika kesi ya Isaka Wainaina, mahakama ya koloni ilimshusha Mwafrika hadi kidato hicho, akiwa juu ya ardhi ya babu zake.

Sheria za amana zilikuja kama kifuta machozi. Ya 1930 iliahidi kwamba hifadhi za Waafrika zitakuwa zao milele. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, na kabla 1932 haijaisha ahadi ikarekebishwa. Marehemu wetu alitokana na ile ya 1938.

Baada ya uhuru, ardhi ya Garissa, Wajir na Mandera ilishikwa na mabaraza ya kaunti kwa niaba ya wakazi. Baraza likitaka kutenga kipande, lilitoa tangazo. Tangazo lilingoja mjini. Mfugaji yuko na ngamia, siku kadhaa za mwendo. Hapo ndipo marehemu alipoteleza maisha yake yote: alimjua mkazi, hakumjua anayehama.

Nenda malka yoyote ya Mto Tana, njia ya mifugo kushukia maji, wakati wa jilaal, kiangazi chetu kikali. Ng'ombe wanashuka kwa njia nyembamba, kushoto seng'enge ya shamba la ndizi, kulia ya maembe. Kijana anawapigia mluzi waliokwisha kunywa, wapande kabla kundi la pili halijaingia. Njia ile ni ya nani? Si ya mwenye shamba, si ya kijana, wala si ya ukoo wake peke yake. Mvua za gu zikinyesha watakuwa mbali. Ajabu ni kwamba Coke mwenyewe aliandika kuhusu haki ya malisho ya pamoja. Kurasa hizo, inaelekea, hazikupanda meli.

Marehemu ameacha serikali za kaunti, ambazo kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinazitaka ziendelee kushika kwa amana ardhi ya jamii isiyosajiliwa. Kuisajili kunataka mkutano wa jamii wenye akidi ya theluthi mbili, uchague kamati ya watu 7 hadi 15. Nani aandikwe kwenye daftari la wanajamii, wazee watavutana lakini wataelewana. Kazi ni kuipata hiyo theluthi mbili. Ukiitisha mkutano jilaal, vijana wote wako na mifugo. Maafisa wa ardhi na waje gu, hata kama magari yatakwama matopeni.