Wiki ya Michembe

Jana jioni, Mei ikiwa mwishoni, mjukuu wangu alinisomea habari kwenye simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo: masika imekwisha, Kanda ya Ziwa itakuwa kavu wiki nzima, na ziwani kutakuwa na upepo mkali na mawimbi makubwa. "Umesikia, guku?" akaniuliza, kisha akaitia simu mfukoni na kwenda zake. Mimi nilikesha nikiwaza viazi vyetu ambavyo bado viko kwenye matuta.

Mayu, mama yangu mzazi, hakuwa na simu wala redio. Mvua zikishakatika, asubuhi ikaingia na baridi, upepo ukatoka kusini-mashariki na kukausha midomo, alitupigia kelele tuamke. Viazi vilichimbwa, vikamenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya majabali yetu haya ya Misungwi. Hiyo ndiyo michembe. Vingine vilichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, navyo ni matobolwa. Mtoto mmoja alikaa na fimbo kufukuza mbuzi na kuku. Siku chache za jua na upepo zilitosha. Mawingu yakirudi kabla kiazi hakijakauka, kinaota ukungu na kazi yote inapotea, kwa hiyo mayu aliukamata upepo siku ya kwanza, hakungoja ya pili. Mwaka 1974 ukame ulipotubana, michembe ya kihenge chake, iliyochemshwa na karanga, ndiyo iliyotuvusha.

Baba naye alikuwa na ngitili. Vijana wengi hawalijui neno hili, na linaniuma. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zikue, likafunguliwa kiangazi kikikaza na kwingine kote kumebaki vumbi. Upepo wa Mei na Juni ulipoanza, kazi ya kwanza ya baba ilikuwa kufyeka kinga ya moto kulizunguka eneo lile, kwa sababu cheche moja siku ya upepo hula malisho ya mwaka mzima.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Tulihamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, na ngitili zikabaki hazina mwenyewe. Wenzetu wa Shinyanga walizirudisha kupitia HASHI, mradi wa kuhifadhi ardhi ulioanza mwaka 1986. Kitongojini kwetu hatukuzirudisha. Tulilima pamba mpaka mlangoni, tukauza mkaa, na leo upepo ukivuma hakuna mti wa kuupunguza kasi.

Nasikia wazee wenzangu barazani wakisema vijana wa leo ni wavivu, kazi yao ni simu. Sikubaliani nao. Hawa wana utabiri wa siku kumi mbele. Baba alisoma mbingu ya kesho tu, na mara nyingine alikosea. Kilichopungua ni mtu wa kuwaambia upepo ukitajwa wafanye nini, na mtu huyo alipaswa kuwa mimi. Nilimpeleka mwanangu shule, nikaona inatosha. Sikumpeleka juu ya jabali.

Hata ziwa limeanza kwenda mbali nao. Zamani Kigongo tulisimama ufukweni tukiangalia maji kabla ya kupanda kivuko, na mawimbi yakiwa makubwa kila mmoja alijua. Juni 19, 2025 lilifunguliwa daraja la kilomita 3 la kwenda Busisi, ng'ambo ya pili. Nalishukuru kwa moyo wote, maana najua wagonjwa na wajawazito walivyoteseka kwenye foleni ya kivuko. Lakini abiria wa basi haangalii tena maji. Anayeyaangalia ni mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani usiku na karabai, na upepo wa wiki hii unamhusu yeye kuliko sisi sote.

Wazee wenzangu, utabiri umeshatoka. Mwenye mjukuu mvuvi ampigie leo kabla jua halijazama, amwambie usiku huu mtumbwi ubaki nchi kavu. Mwenye malisho afyeke kinga ya moto. Mimi kesho alfajiri namwamsha wangu twende kwenye matuta, na kisu cha kumenyea nimeshakinoa.