Kontena Halichomelewi

Njiani kutoka Dar es Salaam kuja Bagamoyo, kontena ni duka: la vocha, la saluni, la chipsi. Mtu hutoboa dirisha, huchomelea mlango, maisha yanaendelea. La Docker, programu iliyotoka mwaka 2013 na ambayo jina lake kwa Kiingereza ni kuli wa bandarini, halichomelewi.

Mimi ni fundi wa kila kitu: printa, Wi-Fi, seva, nywila za mabosi. Kazi nimeijua kwa kufungua kitu na kuchokonoa mpaka kikubali. Kontena nalo linafunguka. Naingia, narekebisha faili, mfumo unaitika. Siku toleo jipya likiwekwa, kontena la zamani linafutwa, linazaliwa jingine kutoka kwenye imeji, na jasho langu la jana halimo.

“Kaka, huku hatutengenezi,” aliniambia mwenzangu wa darasani. “Tunatupa, tunaanzisha lingine.”

Sawa. Ila kutupa kuna bei yake. Maelekezo ya kujenga imeji huandikwa mstari kwa mstari. Ukigusa wa juu, yote iliyo chini yake hujengwa upya, na vifurushi vinashushwa tena. (Waliobuni utaratibu huu sidhani kama waliwahi kuulipia kwa bando la simu.) Kwa hiyo siku hizi mistari inayobadilikabadilika naiweka mwisho kabisa, na ile mizito ya juu naijenga saa nane usiku, bando la usiku likiwa bado hai.