Kabla Hujachukua Damu

Bugembe, Jinja

Mwanangu,

Baba yako kaniambia mradi wako hapo Chuo Kikuu cha Busitema, Mbale, utahusu vipimo vya damu vinavyoonyesha kama neva zimeumia mtu anapougua korona au virusi vingine vya mapafu. Nimefurahi mno, na mimi mtu wa maabara siwezi kunyamaza.

Utaanza na nyurofilamenti nyepesi. Protini hiyo ni sehemu ya kiunzi kinachoushikilia mkia mrefu wa seli ya neva. Mkia ukiumia, protini hiyo huvuja kwenye maji ya uti wa mgongo, na kidogo kikafika kwenye damu. Kidogo hicho hupimwa kwa pikogramu, sehemu ya trilioni ya gramu. Ndiyo maana zamani, kabla ya mashine zinazoweza kukiona kwenye damu, ilibidi mgonjwa achomwe sindano ya mgongo.

Mwaka 2020 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walipima wagonjwa 47 wa korona. Kwa waliozidiwa, protini ya GFAP, inayotoka kwenye seli zinazozihudumia neva, ilipanda mapema kisha ikashuka, huku nyurofilamenti ikizidi kupanda. Kwa hiyo andika kwenye kila sampuli ni siku ya ngapi ya ugonjwa. Andika na umri, na hali ya figo, maana uzee na figo dhaifu hupandisha nyurofilamenti hata bila korona.

Mwaka 2021 watafiti haohao walitoa matokeo ya wagonjwa 100. Baada ya miezi sita protini zilikuwa zimerudi kawaida, lakini nusu ya watu hao bado walilalamika: uchovu, kusahau, kichwa kizito. Hapo nakuomba utulie. Yupo mama anayeuza nyanya karibu nasi, aliugua Juni 2021. Tangu hapo kila deni huliandika kwenye kipande cha boksi, na noti ya elfu kumi humwomba jirani amhesabie chenji. Damu yake ikionekana safi leo, asiambiwe na mtu kwamba anajisingizia. Kipimo kinaeleza kama neva zinavuja sasa. Jinsi anavyoishi na kichwa chake utajua kwa kumuuliza.

Kwenye ugonjwa mwingine, malaria ya ubongo, damu ilisema zaidi. Katika utafiti uliofanyika kati ya 2008 na 2015, watoto waliolazwa hospitali ya Mulago, Kampala, walipimwa protini nyingine ya neva, tau, kisha wakafuatiliwa miaka miwili. Tau ikiwa juu, hatari ya kufa iliongezeka, na wadogo wa chini ya miaka mitano waliopona walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya akili. Lisingejulikana hilo kama watafiti wangeishia kwenye damu.

Basi bajeti yako iwe na nauli ya kuwarudia wagonjwa makwao, na fomu ya maswali ya kumbukumbu kwa Lusoga na Lugisu. Ya Lusoga nitumie wiki hii, niisome na yule mama kabla hujaipeleka kwenye kamati ya maadili.

Shangazi yako